Mchezo Bila Daftari

Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili niseme neno juu ya klabu yetu ya sataranji, na juu ya kosa ambalo mimi mwenyewe ni mmoja wa waliolitenda. Najua kuwa wengi wa wasomaji hawachezi sataranji, na baadhi ya wazee wetu waliosoma hapa zamani watasema kuwa huo ni mchezo wa kukalisha watu tu. Nawaomba hao wasifunue ukurasa mwingine upesi, kwa maana jambo lenyewe lahusu kila chama tulicho nacho shuleni, hata cha mpira.

Neno langu ni hili: mchezo usioandikwa haumfundishi mtu wa pili. Na mchezo ulioandikwa haumfundishi mtu awaye yote mpaka aketi na kuuliza kila hatua, 'Kwa nini?' Nitaeleza jinsi nilivyolijua neno hili, kwani sikulijua kwa akili yangu. Nililijua kwa kushindwa.

Muhula uliopita tulicheza mechi ya kirafiki na shule nyingine, nami nilikuwa ubao wa kwanza. Nilikuwa na kete nyeupe. Tena nilikuwa nimejitayarisha, au ndivyo nilivyodhani, kwa kuwa nilikuwa nimekariri hatua kumi na moja za mwanzo wa mchezo mmoja wa Bobby Fischer, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1972. Nilizijua kama mtoto ajuavyo jedwali la kuzidisha. Askari wa mfalme hadi e4, askari wa malkia hatua moja tu hadi d3, farasi d2, askari g3, askofu g2, na kadhalika mpaka askari wa pembeni afike h4. Nilidhani kuwa nikifika hapo, ushindi utakuja wenyewe.

Yule kijana niliyecheza naye hakuwa amesoma kitabu changu. Hatua ya nne alimla askari wangu pale e4, nami nikamla wake. Jambo dogo tu! Lakini mimi niliendelea kucheza hatua zangu kama kwamba hakuna lililotokea. Nilipomsukuma askari hadi e5 ili nimfukuze farasi wake, farasi aliruka akakaa d5, katikati ya ubao, kama mtemi kitini pake. Sikuweza kumwondoa. Baada ya hapo mambo yaliniharibikia, na mwisho nikapeana mkono na kijana yule nikiwa nimeshindwa. Kwa pointi hiyo moja shule yetu ikashindwa mechi nzima.

Mwalimu wetu wa klabu hakunikemea. Aliniletea ubao akasema, 'Nionyeshe ulipokosea.' Sikuweza. Sikuwa nimeandika hatua hata moja, kwa sababu mechi za kirafiki hatulazimishwi kuandika, na mimi niliona kuandika ni kupoteza wakati. Nilikumbuka farasi wa d5 na aibu yangu, basi. Mwalimu akasema, 'Kwa hiyo umeshindwa mara mbili. Mara ya kwanza na yule kijana, mara ya pili sasa hivi.' Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka.

Likizo ilipofika nilikwenda kukaa kwa kaka yangu Wandegeya. Wanaokujua huko hawana haja ya maelezo. Wasiokujua watambue kuwa ni pale chini ya kilima cha Makerere, magari yanapobanana penye taa za barabarani usiku na mchana. Watu husema jina la mahali hapo limetokana na ndegeya, wale ndege wafumao viota. Siku hizi viota ni vichache na vibanda ni vingi. Kaka yangu ana kibanda kimoja. Hukaanga mayai na kuyakunja ndani ya chapati, chakula kile ambacho Kampala nzima hukiita rolex. Wateja wake wakubwa ni wanafunzi wa chuo kikuu, ambao hula jioni na kulipa mwisho wa mwezi, wengine wakikumbuka.

Mmoja wa wateja hao ni mchezaji wa sataranji. Kaka alikuwa amemwambia habari ya kushindwa kwangu (kaka yangu hawezi kunyamaza na neno), naye alipokuja aliniuliza, 'Mdogo wangu, ule mchezo wa Fischer uliokariri, uliusoma mpaka mwisho?'

Nikasema, 'La, nilisoma ufunguzi tu.'

'Basi ni kama mtu aliyesoma anwani ya barua akadhani ameisoma barua.'

Kesho yake alikuja na karatasi ya mchezo wote, na ubao wa kukunja. Tukauweka juu ya kreti ya soda nyuma ya kibanda, tukausoma jioni nne. Njia yake ilikuwa hii: aliifunika karatasi kwa kadi, nami nilitakiwa kukisia hatua ya Fischer kabla hajaifunua. Nikikosea, sharti nieleze kwa nini nilichagua yangu, kisha tutafute kwa nini Fischer alichagua yake. Katika hatua 31 nilizikisia sawasawa 14, na hizo 11 za kwanza nilikuwa nimezikariri. Ukitoa hizo, hesabu yangu ni tatu tu. Nasema haya ili mdogo wangu wa darasa la kwanza asiogope kujaribu.

Sasa niwaeleze mchezo wenyewe, kwa ufupi, hata asiyejua sataranji aweze kufuata.

Ulichezwa mwaka 1967 katika bara letu hili la Afrika, mjini Sousse katika nchi ya Tunisia. Palikuwa na mashindano makubwa ya kuwachagua watakaogombea ubingwa wa dunia. Fischer alikuwa kijana wa miaka 24. Mpinzani wake siku hiyo alikuwa Lhamsuren Myagmarsuren, mtu wa Mongolia. Fischer alicheza ule ufunguzi ambao Waingereza huuita King's Indian Attack, nasi klabuni twauita Shambulio la Kihindi. Myagmarsuren alijibu kwa Kinga ya Kifaransa, yaani aliwasimamisha askari wake e6 na d5.

Hatua ya nane Fischer alimsukuma askari hadi e5, kama mimi, akamfukuza farasi mweusi aliyekuwa akimlinda mfalme pale f6. Lakini hapa ndipo nilipofumbuliwa macho. Farasi yule hakuweza kukaa d5, kwa sababu d5 palikuwa na askari wake mwenyewe! Ilimbidi arudi nyuma hadi d7. Katika mchezo wangu askari huyo alikuwa amekwisha ondoka kwa kulana pale e4, na kiti kilikuwa wazi. Hatua ni ile ile, mraba ni ule ule, lakini kwa Fischer ilikuwa nguvu na kwangu ilikuwa upumbavu. Nilikariri hatua, sikukariri sababu, kwa kuwa sababu haikaririki, hueleweka.

Baada ya hapo katikati ya ubao palifungwa kama mlango, na kila mmoja akaenda kupigana upande wake. Myagmarsuren alipeleka askari wake upande wa malkia, mmoja baada ya mwingine, b5, b4, a5, a4. Fischer alizikusanya kete zake upande wa mfalme. Hakuwa na haraka. Hatua ya 16 alimtoa askofu g2 akampeleka h3. Hatua ya 21 malkia alifika h5. Hatua ya 23 askofu wa pili alijipenyeza hadi f6, mbele ya pua ya mfalme mweusi, na askari wa e5, yule yule wa hatua ya nane, akamlinda hapo mpaka mwisho. Hatua ya 28 ngome ilisimama h4. Wakati huo askari mmoja mweusi alikuwa amekwisha kula akafika d3, akitaka kwenda kugeuka malkia.

Hapo rafiki wa kaka aliifunika karatasi akaniuliza, 'Sasa?'

Nikajibu mara moja, 'Namla askari wa g6, kisha ngome inaingia h7!' Nilikuwa na hakika, nikaanza hata kuzipanga hatua. Yeye akamla askari wangu kwa askari wa f7, nikaingiza ngome h7, na ngome yake iliyokuwa imejificha mbali kabisa pale a7 ikateleza katika mstari ule uliofunguka ikaila ngome yangu. 'Sasa unaendeleaje?' akauliza. Sikuwa na jibu.

Akafunua kadi. Fischer alikuwa amemrudisha askofu kutoka h3 hadi g2.

Kaka yangu, ambaye hajui hata farasi aendavyo, alikuwa akitazama huku akigeuza chapati. Akauliza, 'Mbona huyo anarudi nyumbani wakati vita vimekolea?'

Ndugu wasomaji, katika jioni zote nne hapakuulizwa swali bora kuliko hilo, na aliyeuliza si mchezaji. Tulikaa juu yake karibu saa nzima. Jibu lake ni zuri. Myagmarsuren alikula tena hadi c2. Ilimbaki hatua moja tu apate malkia wa pili. Fischer akamweka malkia wake h6, akitishia kumfunga mfalme pale g7. Malkia mweusi akakimbilia f8 kuzuia. Ndipo hatua ya 31 Fischer akamtoa malkia wake sadaka: alimla askari wa h7, penye mkono wa mfalme. Myagmarsuren akaona yote, akakubali kushindwa.

Aliona nini? Mfalme akimla malkia, askari mweupe wa h5 anamla wa g6, na hapo mfalme anatishiwa na wawili kwa mara moja, askari na ngome. Watu wawili wakikushika huwezi kumpiga mmoja ukawa salama. Huna budi kukimbia. Akirudi g8, ngome inamfunga pale h8. Akimla askari wa g6, yule askofu aliyerudi nyumbani anatoka g2 hadi e4, na mfalme hana pa kwenda. Kama askofu angalibaki h3, e4 asingaliifikia. Alirudi ili apate njia.

Sasa tazameni. Hatua ya tano askofu alikwenda g2. Hatua ya 29 alikwenda g2. Mimi niliikariri ile ya kwanza, wala sikujua kuwa kuna ya pili. Ndiyo maana nasema kuwa ufunguzi si hatua kumi za kukariri, ila ni ahadi, na ahadi hutimizwa mbele kabisa, mahali ambapo mvivu amekwisha funga kitabu. Atakaye kujua ufunguzi na asome mchezo mpaka mwisho.

Kuna jambo jingine katika mchezo huu ambalo lafaa kuwaingia wanafunzi wenzangu moyoni. Mchezo huu haukuhesabiwa! Fischer aligombana na wasimamizi juu ya ratiba, akajitoa katika mashindano akiwa anaongoza. Kwa kuwa alikuwa hajamaliza nusu ya michezo yake, matokeo yake yote yalifutwa katika jedwali. Bingwa wa Sousse alikuwa Bent Larsen wa Denmark. Kwa jedwali, ni kama kwamba Fischer na Myagmarsuren hawakukaa mezani. Lakini hatua zao zilikuwa zimeandikwa. Fischer mwenyewe aliutia mchezo huo katika kitabu chake cha michezo sitini kilichotoka mwaka 1969, na mimi niliusoma nyuma ya kibanda cha chapati Wandegeya. Jedwali lilifuta pointi. Daftari lilihifadhi maarifa. Ni kipi kati ya hivyo viwili kilichotufikia sisi?

Tena katika mashindano yale yale alikuwapo kijana wa Kiafrika, Slim Bouaziz wa Tunisia, mwenye miaka 17, mdogo kuliko mimi kwa miaka miwili. Alimaliza mkiani. Je, alivunja ubao wake? Mwaka 1993 huyo huyo akawa Mwafrika wa kwanza kupata cheo cha Grandmaster, kilicho cha juu kabisa katika sataranji. Kutoka 1967 hadi 1993 ni miaka 26. Nasi tukishindwa mechi moja ya kirafiki twataka kuivunja klabu.

Wako watakaonijibu, na wengine wamekwisha nijibu bwenini. Wa kwanza husema, 'Haya ni mambo ya kale. Siku hizi ukiwa na simu, inakuonyesha hatua bora mara moja.' Ni kweli, hukuonyesha. Nami nimeijaribu ya kaka. Lakini simu hukuambia lililo bora, haikuambii ulivyofikiri wewe hata ukakosea. Na siku ya mechi simu huachwa nje ya mlango, na hapa shuleni haziruhusiwi hata siku ya kawaida. Utakayeingia naye ukumbini ni wewe na kichwa chako. Mtu aliyezoea kuambiwa jibu huwa kama mtu aliyezoea kubebwa. Siku ya kutembea magoti hayana nguvu.

Wa pili husema, 'Sisi tuna mashujaa wetu wa Uganda, ya nini kusoma ya Mmarekani na Mmongolia?' Huyu namheshimu zaidi. Lakini nami namwuliza swali. Sote twamjua Phiona Mutesi, msichana wa Katwe aliyefundishwa na Robert Katende, akaiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji huko Khanty-Mansiysk mwaka 2010, na Istanbul mwaka 2012. Filamu ya maisha yake ilitoka mwaka 2016, na ilipoonyeshwa hapa shuleni watu walilia. Basi, nani kati yetu awezaye kuniwekea ubaoni hatua tano alizocheza Phiona? Niliuliza swali hilo klabuni, nikajiuliza na mimi. Tulikuwa watu 19, tukanyamaza sote. Twaijua njaa yake, mvua iliyobomoa nyumba yao, na nguo za waigizaji, lakini kazi yenyewe iliyompa jina hatuijui. Michezo ya Olimpiadi huandikwa na kuhifadhiwa. Tukitaka kumheshimu, na tuitafute, tuisome.

Na wale wasioandikwa je? Karibu na kibanda cha kaka wazee hucheza omweso jioni. Asiyejua, omweso ni ubao wa mashimo 32, kila mtu ana mashimo 16 na kete 32, ambazo Waganda huziita empiki. Mmoja wa wazee hao husifiwa kuwa katika ujana wake hapakuwa na wa kumweza. Nilipiga magoti nikamwamkia, nikamwuliza, 'Jjajja, mchezo uliokuwa mzuri kuliko yote uliyocheza ulikuwa upi?' Uso ulimng'aa. Akanitajia mtu aliyemshinda, watu waliokuwapo, na mbuzi aliyechinjwa baadaye.

Nikamwuliza, 'Na kete zako ulizipangaje mwanzoni?'

Akanyosha mkono juu ya mashimo, kama anayetaka kuzishika kete za siku ile. Mkono ukakaa hapo. Kisha akasema, 'Mjukuu wangu, nilizipanga vizuri.' Akacheka, na wenzake wakacheka, lakini mimi niliona kuwa alihuzunika kidogo. Mbuzi amebaki, mchezo umekwenda.

Kule Zanzibar Mholanzi mmoja, Alexander de Voogt, alikwenda kukaa na mabingwa wa bao, akajifunza jinsi wanavyofikiri, akatoa kitabu chake mwaka 1995. Namshukuru. Lakini si vizuri tungoje mgeni aje kutuandikia kila kitu.

Sasa nafika kwenye kosa nililolitaja mwanzoni. Klabu yetu ilikuwa na daftari. Ni lile kubwa lenye jalada jeusi, lililo katika kabati la maktaba chini ya ramani. Lilianzishwa na wanafunzi waliotutangulia, ambao leo ni wazee wetu wasomao gazeti hili, na kila mechi na shule nyingine iliandikwa humo kwa mkono. Muhula wa mitihani ya majaribio karatasi zilikuwa adimu, nasi tukaanza kuchana kurasa zake tupu za nyuma kwa kufanyia hesabu. Zilipokwisha tupu tukachana zilizoandikwa upande mmoja. Mimi nilichana si chini ya kurasa nane. Sikuona vibaya, nilisema moyoni, 'Hii ni michezo ya watu waliokwisha ondoka.'

Niliporudi kutoka Wandegeya nilikwenda moja kwa moja kwenye kabati lile. Yamebaki majani machache. Katika moja nimekuta mchezo ambao kete nyeupe zilicheza e4, d3, farasi d2, ufunguzi wangu ule ule, na mweusi akamla askari pale e4, kama nilivyofanyiwa mimi! Aliyecheza nyeupe alikuwa wa shule yetu. Hakumsukuma askari e5. Alifanya jambo jingine, kwa utulivu, na pembeni ameandika kwa wino neno moja: 'Subiri.' Mchezo unakwenda hadi hatua ya 14. Ya 15 iko katika ukurasa uliochanwa. Siwezi kuapa kuwa niliuchana mimi, wala siwezi kuapa kuwa sikuuchana. Dawa ya ugonjwa wangu ilikuwa kabatini mwaka mzima, nami niliitumia kutafutia eneo la duara.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwa wanachama wa klabu: kuanzia muhula huu kila mchezo wa mechi uandikwe, hata wa kirafiki, hata tukishindwa, na zaidi tukishindwa. Daftari jipya nimekwisha linunua kwa fedha zangu, na mchezo wa kwanza ndani yake ni ule niliousoma Wandegeya, pamoja na makisio yangu yote mabaya. Kwa vyama vingine: fikirini kama ninyi nanyi hamna kabati lenu. Chama cha midahalo, hoja zilizoshinda mwaka juzi zi wapi? Timu ya mpira, nani aandikaye jinsi goli lilivyoingia?

Na kwa ninyi wazee wetu mliosoma hapa: tafadhali tazameni katika masanduku yenu. Kama mna karatasi yoyote ya mchezo wa zamani, hata iliyoliwa na mchwa pembeni, ileteni au inakilini mtuletee. Na wewe uliyeandika 'Subiri', ambaye herufi za jina lako zimefutika kwa maji, kama u hai na wasoma haya, naomba msamaha. Tena naomba hatua yako ya 15. Mimi naondoka shuleni mwisho wa mwaka huu, lakini kijana atakayekaa ubao wa kwanza baada yangu ataihitaji.

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema juu ya fedha, nami nadhani walituona na sisi pia.